Mbona Hamzai? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuzaa, Kutozaa na Kulea

Tangu Mfunguo Tatu barua zinazotufikia kuhusu watoto zimezidi zile za talaka. Wengine wanasumbuliwa kwa nini hawazai, wengine kwa nini hawaachi kuzaa. Tumechagua sita, tumezifupisha na kuondoa majina. Majibu ya afya ni ya wahudumu wa afya ya uzazi wa safu hii. Ya ndoa na mirathi yanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Unguja na Pemba.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari Chake Chake, nina miaka 31, mume wangu 36. Mwaka wa nne huu tumeoana. Tulikubaliana kabla ya nikaha kwamba hatutaki watoto na hakuna aliyebadilika. Mavyaa kila tukienda Wete anauliza "mbona hamzai?" Wifi zangu wanasema nimemfunga kaka yao. Na jirani mmoja mwenye elimu ya dini ametuambia ni dhambi. Je, ni dhambi? Na tuwajibu nini?

Tuanze na dhambi, maana hilo lisipotulia mengine yote hayatasikilizwa huko Wete.

Mtume, rehma na amani zimshukie, amehimiza kuoa mwanamke mwenye mapenzi na mwenye kuzaa. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na An-Nasai. Pamoja na hayo, Jabir bin Abdillah amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje, huku Qurani ikiteremka. Hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Imamu Al-Ghazali aliijengea hoja azli, akakubali hata sababu ya mtu kuogopa mzigo wa watoto wengi. Hapo ndipo wanazuoni wengi wa leo wanapoegemeza ruhusa ya kupanga uzazi. Khitilafu inakuja kwenye hali kama yenu, ya wawili wenye afya wanaoamua kutozaa kabisa. Wapo wanaoona mmeacha lililo bora tu, na wapo wanaoona jambo hilo linapingana na lengo la ndoa. Anayekwambieni neno moja bila kutaja khitilafu hiyo amekupeni nusu ya jibu. Mambo mawili wengi wao hawayaregezi: kukata kizazi moja kwa moja bila dharura ya afya, na mmoja kumnyima mwenzake mtoto bila ridhaa yake. Mtoto ni haki ya mume na ni haki ya mke.

Hilo la pili ndilo tunalotaka mlishike zaidi. Mapatano yenu ya kabla ya nikaha ni mazuri, lakini mlipatana mkiwa na miaka minne pungufu ya hii. Wekeni siku moja kila mwaka, mfano mwezi mliooana, mkae wawili bila simu na kila mmoja aulizwe upya: bado? Aliyebadilika aseme siku hiyo, asingoje. Kwa mwanamke uwezo wa kushika mimba huanza kupungua polepole miaka ya thelathini na kitu, ukishapita 37 unashuka kwa kasi. Mume akigundua akiwa na 45 kwamba anataka mtoto, yeye bado ana nafasi, wewe huenda huna. Ndoa nyingi za namna hii zikivunjika huvunjika hapo, na uchungu wake ni mkubwa kuliko maneno ya wifi kumi.

Kwa sababu hiyo chagueni njia inayorudi nyuma. Kitanzi cha shaba hukaa hadi miaka 10 au 12, na uwezo wa kuzaa hurudi mara kinapotolewa. Kasoro yake ni hedhi kuwa nzito na yenye maumivu zaidi, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu aseme kabla ya kuwekewa. Kijiti kuna cha kimoja cha miaka 3 na cha viwili cha miaka 5. Hicho huvuruga mpangilio wa hedhi, na wanawake wengi hukitoa kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Sindano ya miezi mitatu haikufaeni sana ikiwa kuna uwezekano wa kubadili nia: uzazi huchukua wastani wa miezi 10 hivi kurudi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi.

Sasa familia. Kwa mavyaa azungumze mwanawe, wala usizungumze wewe. Mkwe akisema maneno hayo hayo huonekana ana kiburi. Mtoto wa kuzaa akiyasema huonekana ameamua. Aende peke yake, siku isiyo ya shughuli, amwambie: "Mama, hili tumeliamua wawili, si la mke wangu peke yake, na afya zetu ni nzima." Atalia, na atauliza tena baada ya mwezi, naye arudie hayo hayo bila kuongeza sababu mpya. Kila sababu mpya ni kitu kipya cha kujadiliwa. Msiseme "tunaomba Mungu" ilhali hamuombi. Mkilisema hilo mmekubali kuwa wagonjwa, na mgonjwa huletewa dawa: makombe, mizizi ya chango, mganga, mwisho mke wa pili. Hata hayo maneno ya kumfunga mume yatapungua yeye mwenyewe akishasimama mbele ya dada zake.

Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, hakuzaa. Mtume alimruhusu aitwe Umm Abdillah, kwa jina la mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubeir. Hakuchagua kutozaa kama nyinyi, na hatusemi ni hali moja. Lakini anayesema mwanamke asiyezaa hana daraja, ajibiwe kwa jina hilo.

Nina watoto sita, mke wangu ana miaka 38 na anakataa wa saba. Mimi ni mkulima wa karafuu huku Mkoani. Naamini kila mtoto huja na riziki yake, na Qurani imekataza kuogopa ufukara. Nani ana haki?

Bwana, aya unayoikusudia ni ya 31 ya Suratul Israi, nayo inakataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara. Mtoto ambaye hajatungwa hauawi. Wapo wanaoichukua aya hiyo kama onyo kwa nia ya mtu, na ni haki yao. Lakini msiisome kama kwamba imetaja kupanga uzazi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inasema mama anyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na hesabu hiyo peke yake inaweka mwanya kati ya mtoto na mtoto.

Tungependa uache kidogo swali la nani ana haki, umuulize mke wako swali jingine: mimba sita hizi zilikwendaje? Muulize tarehe. Andika kila mtoto kazaliwa mwezi gani. Ushauri wa kitaalamu ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo mimba nyingine ishikwe, maana yake karibu miaka mitatu kati ya uzazi mmoja na mwingine. Ukiona kwenye karatasi yako watoto wamepishana mwaka na nusu, umeshapata sehemu ya sababu ya yeye kukataa, hata kama hajaisema kwa mdomo.

Sehemu iliyobaki iko kwenye mfuko wa uzazi. Mwanamke aliyezaa mara tano au zaidi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kutokwa na damu baada ya kujifungua, kwa sababu msuli wa mfuko uliotanuka mara nyingi unaweza kuchelewa kubana, na mishipa pale kondo lilipokuwa inabaki wazi. Damu ikifika nusu lita hiyo tayari ni hatari, na mwanamke mwenye upungufu wa damu huzidiwa hata kabla ya hapo. Kondo kukaa njiani, mtoto kulala vibaya na mfuko kupasuka pia huongezeka. Umri wa 38 unaongeza shinikizo la damu na kisukari cha mimba. Hapa riziki ya mtoto wa saba haijaguswa. Linalozungumzwa ni mama wa wale sita.

Mkikubaliana wote wawili kuendelea, basi fanyeni hivi. Kabla ya mimba apimwe wingi wa damu: kwa asiye na mimba isiwe chini ya 12, na akiwa na mimba isishuke chini ya 11. Aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Asijifungulie nyumbani wala kituo kidogo, ajifungulie hospitali yenye damu ya akiba na chumba cha upasuaji. Wewe panga mapema gari ya usiku na fedha ya gari, na watu wawili wa kuchangia damu. Wiki mbili za mwisho akae karibu na hospitali ikiwa kijiji chenu kiko mbali na barabara. Kama msimu wa karafuu utaangukia hapo, atafutwe mtu wa kuchuma mahali pako.

Akiendelea kukataa, basi amekataa. Mwili utakaobeba ni wake, na hoja zake zina uzito kuliko hamu yako.

Nina miaka 34, naishi Jang'ombe. Miaka mitatu sijashika mimba. Nimekunywa dawa za chango mpaka tumbo linaniuma. Mkwe wangu anataka mwanawe aoe mke wa pili. Mume anafanya kazi hoteli ya Nungwi, anarudi wikiendi moja kila wiki mbili. Hataki kupimwa, anasema yeye ni mzima. Nifanye nini?

Bibi, dawa za chango ziache leo, hasa za kuweka ukeni. Zinachubua, zinavuruga kinga ya asili ya uke na kufungua njia ya maambukizi, na maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ndiyo yanayoiziba. Kuna wanaoanza matibabu ya kienyeji wakiwa na tatizo dogo na kumaliza wakiwa na kubwa.

Kwa kanuni za kitabibu, mke na mume huhesabiwa wana tatizo la uzazi baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na ikiwa mke amefika 35, miezi 6 inatosha kwenda hospitali. Mmeshapita. Lakini hilo neno "mara kwa mara" linatutia shaka kwenu. Yai likitoka linaishi siku moja tu, mbegu za mume huishi hadi siku tano, kwa hiyo siku za kushika mimba katika mwezi mzima ni sita hivi. Mume anayekuja wikiendi moja kila wiki mbili anaweza kuzikosa miezi na miezi, na wote wawili mkawa wazima.

Hesabu hivi. Siku ya kwanza ya kuona damu ni siku ya 1. Andika kwenye daftari kwa miezi mitatu. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala si lazima siku ya 14 baada ya iliyopita. Watu wengi hukosea hapo. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 32, karibu na siku ya 18. Ute ukeni ukiwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai bichi, siku zimefika. Mume aombe zamu ya mapumziko iangukie siku tano za kabla na hiyo ya yai, mkutane kila siku au mkiruka siku moja moja. Msitumie mate, mafuta ya nazi wala mafuta mengine ya kulainisha, kwani baadhi yake huzuia mbegu kutembea.

Kuhusu kupimwa, mume ndiye wa kuanza. Kipimo chake, cha manii, ni cha siku moja, hakiumi, na ni rahisi kuliko vipimo vyako vyote. Kwa karibu nusu ya wenye tatizo la uzazi, upande wa mume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kuwa na nguvu za kiume hakuonyeshi chochote kuhusu mbegu. Ni mambo mawili tofauti, na hilo ndilo wanaume wengi hawajaelezwa. Akubali kwa neno la "twende sote", lisiwe "kapimwe wewe".

Kipimo kina masharti, na yakivunjwa jibu linakuwa la uongo. Asitoe manii siku 2 hadi 7 kabla. Atoe yote kwenye kikopo cha maabara, asitumie kondomu wala kikopo kilichooshwa kwa sabuni. Tone la kwanza likimwagika aseme, maana mbegu nyingi zimo humo. Akitolea nyumbani, kifike maabara ndani ya saa moja, bora nusu saa, kikiwa mfukoni karibu na mwili. Kisitiwe kwenye barafu wala kuachwa juani ndani ya gari. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, kiwango cha chini cha kawaida ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Aliye chini ya hapo hakuhukumiwa kuwa mgumba. Arudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu inachukua karibu muda huo kukomaa, na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo iliyozipunguza. Wanaochoma sindano za homoni za kiume kujaza misuli wajue kwamba zinazima utengenezaji wa mbegu. Zikiachwa huchukua miezi kurudi. Sigara nayo aiache.

Wewe utapimwa homoni ya kuthibitisha kuwa yai limetoka, siku saba kabla ya hedhi unayoitarajia. Kipimo hiki huitwa "cha siku ya 21" na mara nyingine hupimwa siku hiyo kimakosa hata kwa mwenye mzunguko wa siku 35, kisha anaambiwa hapevushi yai. Wewe uliza siku inayolingana na mzunguko wako. Utapimwa pia tezi ya shingo, homoni ya maziwa, magonjwa ya zinaa na utrasaundi. Mwisho ni picha ya mirija kwa dawa, ambayo hufanywa hedhi ikishakoma na kabla yai halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10.

Na mke wa pili? Sheria inamruhusu mume, lakini ikiwa tatizo liko kwake, mtakuwa wanawake wawili mnaokunywa dawa za chango. Mwambie mkwe wako kwa adabu kwamba mnangoja majibu ya hospitali ya wote wawili. Akizidi, Suratu Shura, aya ya 49 na 50, imetaja kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Hakumtaja mke peke yake.

Nina miaka 58, sikujaaliwa mtoto, na mume wangu naye hana mtoto popote. Sasa anaumwa sana. Ndugu zake wameanza kusema akifa nitatoka nyumbani. Najuta sikuzaa, ningekuwa na wa kunitetea na wa kunilea. Nina haki gani?

Pole sana, bibi yetu. Haki unayo, na ni kubwa kuliko unavyoambiwa.

Mume akifa bila mtoto, mke hurithi robo. Akiwa na mtoto, hata wa mke mwingine, mke hurithi thumni, yaani moja ya nane. Kabla ya kugawa chochote hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Mahari ambayo hukulipwa ni deni, na deni hulipwa kabla ya mafungu ya warithi. Kama ulibakisha, lidai. Mfano: mali safi ni shilingi 40,000,000, wazee wake wamekufa, ameacha wewe, kaka mmoja na dada mmoja wa baba na mama. Wewe 10,000,000, kaka 20,000,000, dada 10,000,000. Angekuwa na mtoto wewe ungepata 5,000,000.

Tatizo la wajane wengi huwa kwenye nyumba zaidi kuliko kwenye mafungu, maana nyumba haikatiki. Ikiwa ulichangia matofali, bati au kiwanja, sehemu hiyo ni yako na haiingii katika mirathi hata kidogo. Tafuta risiti, hati, na mafundi waliolipwa na wewe. Maadamu mume wako ana akili timamu na anaweza kusema, akiri mbele ya mashahidi wawili waadilifu, iandikwe, na sheha wa shehia yenu ajue. Hapa fanya haraka. Lakini usimuombe sasa akupe nyumba nzima kama zawadi. Hiba ya mtu aliye katika maradhi ya kufa huhukumiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Wengi wameharibu kesi nzuri kwa karatasi iliyosainiwa kitandani. Hiba hufaa mtu akiwa mzima, nayo haitimii mpaka anayepewa akabidhiwe.

Akitangulia, eda yako ni miezi minne na siku kumi, na unaikalia katika nyumba ya ndoa. Asikutoe mtu. Mirathi ikifunguliwa, ipelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na penye ugomvi kwa Kadhi, msigawane barazani.

Kuhusu wa kukulea, tunaomba usijilaumu. Mtoto si dhamana. Watoto wengi wa visiwa hivi wako Dar es Salaam, Muscat na Dubai, na wazee wao wanalishwa na majirani. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mkulima, awe na watoto au hana. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000. Haitoshi, lakini ni yako, na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho chenye umri sahihi kitafute sasa, kwani wengi hucheleweshwa na umri ulioandikwa vibaya. Wasio na mtu kabisa wapo wanaotunzwa katika nyumba za wazee za serikali Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Chagua mapema jamaa wawili unaowaamini, mmoja ajue mambo yako ya hospitali, mwingine ya fedha, wala asiwe mtu mmoja kwa yote. Unaweza pia kumuachia asiyekuwa mrithi wako, kama mtoto wa jirani aliyekutunza, wasia wa hadi thuluthi ya mali yako.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Unguja. Nimesoma hoja za wanaosema kumleta mtoto duniani ni kumkosea, kwa kuwa hakuombwa ridhaa na atateseka. Nikiangalia Zanzibar ilivyojaa naona wana ukweli. Mnasemaje?

Kijana wetu, hoja hiyo si mpya wala si ya Ulaya tu. Abul Alaa Al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham aliyefariki 1057, anapokewa kwamba alitaka kaburini pake paandikwe kuwa baba yake alimkosea yeye, na yeye hakumkosea mtu. Hakuoa, hakuzaa. Ni hoja nzito kwa mwenye kuona mateso tu. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba inapima maumivu na kuacha kupima lile ambalo wengi wa walioteseka wenyewe wanalisema, kwamba hata hivyo wanapenda kuwapo.

Hoja ya kujaa ni ya hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hiyo ni asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huongezeka maradufu kwa miaka 19 hivi. Ni watu 768 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini wote hawakuzaliwa hapa. Wengine wamehamia kutafuta kazi, na karibu nusu ya watu wote wamebanana Mkoa wa Mjini Magharibi. Wewe ukiacha kuzaa, maji ya Mjini hayataongezeka mwakani. Yataongezeka kwa visima, mabomba na mipango ya ardhi. Na upande wa pili utazame Korea Kusini, ambako 2023 wastani wa watoto ulikuwa 0.72 kwa mwanamke ilhali 2.1 ndiyo inayohitajika watu wasipungue: skuli zinafungwa na wazee wanazidi walezi.

Kama hutaki mtoto, sema hutaki, inatosha. Usiibebeshe sensa uamuzi wako. Na mwambie binti unayetaka kumposa kabla ya posa. Ukingoja baada ya nikaha umemdhulumu.

Dada yangu wa Micheweni ana mtoto wa kike wa miezi mitano, yuko tayari nimlee mimi nisiyekuwa na mtoto. Mume wangu amekubali. Kuna nini cha kuangalia?

Kwanza umahramu, yaani nani ni haramu kuoana naye daima. Angekuwa wa kiume, wewe ni khalati yake na hakuna mashaka. Huyu ni wa kike, kwa hiyo tatizo liko kwa mumeo: akibaleghe, mumeo si mahramu wake, na nyumba itawawia nzito. Suluhisho lipo sasa, halitakuwepo baadaye. Dada wa mumeo anayenyonyesha amnyonyeshe mara tano, kila mara mtoto ashibe na kuacha mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili. Mumeo atakuwa mjomba wake wa kunyonya, mahramu wa daima. Andikeni tarehe na mashahidi, maana mtoto huyo pia atakuwa ndugu wa watoto wa aliyemnyonyesha na hawataoana. Wifi apimwe afya kwanza, pamoja na virusi vya Ukimwi.

Pili, jina. Atabaki na jina la baba yake, na cheti cha kuzaliwa kisibadilishwe. Hatakurithi kwa kulelewa tu, kwa hiyo mpe hiba ukiwa mzima au mwandikie wasia ndani ya thuluthi.

Tatu, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inatambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kubadili nasaba yake, inayopitia mahakamani. Msiishie kwenye maneno ya kifamilia, kwa sababu mtoto akifika umri wa skuli au akihitaji upasuaji, huulizwa nani mwenye mamlaka. Mwisho, kwa kuwa ana miezi mitano, dada yako aendelee kumnyonyesha hadi afike angalau miezi sita kabla ya kumhamisha, na bora zaidi hadi miaka miwili huku wewe ukienda kumzoea. Ukimchukua kabla, uliza kituo cha afya maziwa ya kumpa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe ndiyo kinywaji chake kikuu kabla ya kufika mwaka. Na mwambie ukweli wa alipotoka tangu akiwa mdogo, asije akausikia skuli.